Sauti ya Mlangoni

Hilary Pethick alizaliwa katika mji wa Faversham, binti wa mwalimu mkuu, akafundisha Kilatini miaka thelathini na moja bila mzazi yeyote kumsikia akipaza sauti. Aliolewa na Clement, mpiga kinanda, mtu mpole wa vidole virefu na soksi zisizofanana. Jina la akina Pethick lilikuwa jema, na Hilary alililinda kama vyombo vya kaure: hakuna aliyeruhusiwa kulishika ila yeye.

Kitu kimoja tu kilimla roho. Rosalind Tarrant.

Mwaka 1972 Clement na wenzake watatu walirekodi santuri yao, *Mnara wa Nyuki*, ghalani nyuma ya nyumba. Upande wa pili wote ni wimbo mmoja wa dakika ishirini na mbili. Karibu na mwisho vyombo hunyamaza, na huingia sauti ya mwanamke akilia kwa lugha isiyojulikana. Watu wazima walitokwa machozi. Wengine walibishana magazetini ni lugha gani. Ila mwenye sauti hawakumbishania: ni Rosalind, dada wa mpiga gitaa, aliyeshinda ghalani kiangazi kile pekupeku, nywele zikimfika kiunoni. Rosalind hakukubali wala hakukataa. Alitabasamu, akapewa maua. Clement akiulizwa alijibu, "Ilikuja yenyewe." Hilary alimimina chai na kumeza wivu kwa miaka arobaini. Hata siku ya kumzika Clement, Rosalind alipewa kiti cha mbele.

Santuri ilipotaka kutolewa upya, fundi wa sauti aitwaye Denzil aliwaita wanawake hao wawili London wathibitishe majina ya kwenye jalada. Hilary alikwenda na boksi la utepe wa kurekodia wa Clement, lililokaa miaka yote chini ya ngazi. Hakuwahi kulifungua, kwa hofu ya atakachokikuta. Lakini jina la Rosalind kuandikwa tena, hilo hapana.

"Umenenepa, Hilary," Rosalind alimpokea studioni. "Imekupendeza."

"Na wewe leo umevaa viatu. Hongera."

Denzil alikohoa. "Zamani utepe ulihifadhiwa mwisho wake ukiwa nje, akina mama. Lazima kwanza uurudishe nyuma. Ukisahau, unacheza kinyumenyume."

Akaurudisha, akabonyeza. Kuku akalia. Mlango ukakwaruza. Kisha sauti ya mwanamke, kali kama wembe:

"Clement! Mwambie huyo hawara wako avae viatu arudi kwao! Chai yangu hainywi!"

Denzil akageuza utepe ucheze kinyumenyume, bila kuinua macho, na kwenye spika ikaja sauti ileile iliyoliza dunia.

Rosalind ndiye aliyeangua kicheko. "Mungu wangu! Miaka arobaini napewa maua kwa matusi niliyotukanwa mwenyewe!"

"Ulijua si sauti yako."

"Nilijua. Sikujua ni yako. Na Clement wako hakunigusa hata kidole, mwenzangu. Alikuogopa kuliko radi."

Hilary alivuta boksi karibu. Ndani ya kifuniko cha boksi aliona mwandiko wa penseli wa mumewe: *H., mlangoni. Asijue mtu.* Kumbe Clement alijua. Aliacha kilio cha mkewe kiitwe cha mwanamke mwingine ili jina la Hilary lisichafuke. Ulikuwa wema, na bado ulimchoma, kwa kuwa maua yale yote yalikuwa yake.

"Nikiandika jina lako, Bi Pethick," Denzil akasema taratibu, "watu wataugeuza wimbo. Ni kazi ya dakika moja. Wanafunzi wako wa zamani watasikia kila neno. Tukiacha la Bi Tarrant, hakuna atakayetafuta."

Rosalind alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa akitazama karatasi ya majina, kidole kimetua juu ya jina lake.

Hilary alikiona kidole kile.

"Futa hilo," alisema. "Andika Hilary Pethick, mlangoni."

"Na wakiugeuza?"

"Watamsikia mke akiwa nyumbani kwake. Kwetu hiyo si aibu." Akavaa glavu zake, kifungo kwa kifungo. "Na maua wakileta, Rosalind, waelekeze kwangu. Njia unaijua."