Msichana wa Lopur Anavyotua

Msichana wa kijiji cha Lopur hufika kwenye darasa letu la baleti hapa Kakuma akiwa na vumbi hadi magotini, kisha huketi kupangusa nyayo zake taratibu kwa shuka, kana kwamba sisi ndio tumewahi mno. Shanga za shingoni havui. Mwalimu amechoka kumwambia. Akiruka, hutua kwa kishindo, kama wanavyocheza edonga, ngoma ya kuruka ya kwao, hadi mabati ya ukumbi yanalia.

“Tua kimya!” Mwalimu humwambia.

“Kwetu ukirudi chini, lazima ardhi ijue,” hujibu, na kuruka tena vilevile.

Jumatatu alikuja mama mmoja kutoka Nairobi kuchagua mmoja wetu tu wa kwenda shule yao ya baleti. Niliruka, nikatua kama paka. Yule mama hakuinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Msichana wa Lopur akaruka, akatua kimya kunishinda, hata shanga hazikulia.

“Hiyo ni yenu,” akasema. Akaruka tena, sakafu ikatetemeka. “Hii sasa ni yangu.”

Yule mama akainua macho, akaweka kalamu chini.

Miezi minane nilimcheka kwamba hawezi. Kumbe alikuwa amekataa.