Maji ya Nyumba ya Ishirini

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni Jumanne moja ya soko, baba mkubwa Nderingo alipopanda ngazi za chuo chetu kidogo cha kompyuta pale Moshi mjini, kofia mkononi na kaunta buku kwapani, akasema amekuja kujifunza kuandika programu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu. Nakusimulia haya kwa sababu nasikia nawe umeanza kuwafundisha vijana kazi hiyo, na kwamba ukirudi nyumbani unalalamika kuwa vichwa vyao ni vizito.

Nilikuwa nimerudi kutoka Dar na cheti. Nilikitundika kwenye chumba nilichopanga mtaa wa Pasua, mahali ambapo mgeni akikaa tu lazima akione. Chuo chenyewe kilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kompyuta saba, sita zikitumika. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinaanza upya, na kila mzazi alitaka mwanawe aguse kompyuta hata kama hajui ya nini.

Baba mkubwa hakuwa mgeni wa mashine. Alikuwa karani wa chama cha kahawa kijijini kwetu Marangu, anapiga taipu kwa vidole kumi bila kutazama, mpaka wanunuzi binafsi walipoingia, kahawa ikaanza kupita pembeni, na makarani wakaambiwa waende nyumbani. Kazi iliyombakia ni mfongo. Wewe umekulia mjini, basi nikueleze: mfongo ni mfereji waliouchimba mababu zetu kuleta maji ya mlimani hadi vihambani, kwenye migomba na kahawa. Wetu ulihudumia nyumba arobaini na moja, kila nyumba na zamu yake, na aliyezijua zamu zote ni yeye.

Usidhani ni orodha tu. Nyumba ikipata msiba zamu yake inarukwa lakini haipotei, inarudishwa wiki inayofuata. Asiyekuja siku ya kufukua tope, maji yake yanakwenda kwa jirani wa chini. Mjane hapokonywi zamu kwa kosa la mwanawe. Kihamba kikigawanywa kati ya ndugu wawili, zamu nayo inagawanywa, lakini si nusu kwa nusu, inategemea nani kabaki na kahawa. Kila nyumba ilikuwa na mambo yake ya namna hiyo, na yote yalikaa kichwani mwa mtu mmoja.

Mchana ule, wanafunzi wengine walipotoka, alifungua chombo cha kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, alichofungiwa na mama mkubwa, tukala. Ndipo aliponiambia kilichomleta. Alikuwa ameanza kusahau. Wiki iliyopita alikwenda kumfungulia maji mtu tuliyemzika miaka miwili nyuma, akasimama kwenye banio, mlango wa maji, akimwita kwa jina. Hakumwambia mkewe. Aliniambia mimi tu.

"Nimesikia mashine hii ukiipa masharti inayashika," alisema. "Nataka niipe zamu za maji kabla hazijanitoka, Elia."

Sasa sikiliza, maana dhambi yangu iko hapa. Kwenye kona ya chumba palikuwa na kompyuta ya saba, ya zamani, niliyoifunika kwa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na programu ndogo ya kuandikia, skrini nyeusi na mstari mmoja unaokonyeza. Unaandika agizo, unabonyeza kitufe, inakujibu hapo hapo. Mimi mwenyewe nilijifunzia mashine ya aina hiyo hiyo nikiwa kidato cha pili, na siku ya kwanza kabisa niliifanya ihesabu mpaka mia. Nilicheka peke yangu kama mtu aliyechanganyikiwa. Yote niliyoyajua baadaye yalianzia kwenye kicheko kile.

Lakini kule Dar nilipotaja kwamba nilianzia kwa skrini nyeusi, wenzangu walinicheka, wakasema hicho ni kitu cha watoto. Iliniuma. Basi niliporudi Moshi niliifunika ile mashine, nikawawekea wanafunzi zana kubwa ya kisasa tuliyotumia chuoni Dar. Ilikuja kwa CD tatu. Kuiweka tu ilichukua asubuhi nzima. Ukiifungua inakuuliza jina la mradi, aina ya mradi, folda ya mradi, na wewe bado huna mradi. Kisha inakuandikia yenyewe mistari ishirini hujaiomba, na ukigusa mmoja, umeharibu. Ilikuwa zana nzuri kwa watu wanaotengeneza mfumo wa benki. Sisi hatukuwa tunatengeneza mfumo wa benki.

Baba mkubwa aliishangaa ile kona siku ile ile. Akaniuliza, na ile je, inafanya kazi? Nikamjibu ile ni ya watoto wa shule.

Akaanza. Kila Jumanne na Ijumaa alishuka kutoka Marangu, akakaa kiti cha dirishani, akapiga vitufe kwa nguvu kama bado yuko kwenye taipu ya chama. Nilimfundisha mambo ya kuiandaa ile zana. Nilimfundisha mahali pa kuhifadhi, namna ya kuunganisha, mistari ya mwanzo ambayo lazima iwepo. Akiuliza huu una maana gani, namwambia utaelewa baadaye. Nukta mkato moja ikisahaulika, skrini inajaa makosa kwa Kiingereza, na yeye, karani wa watu, anayasoma yote kuanzia juu mpaka chini kwa heshima, kama barua ya serikali.

"Inasema nina kosa mstari wa kumi na nne," aliniambia siku moja. "Mstari wa kumi na nne sikuuandika mimi."

Vijana darasani walicheka, nami nikacheka nao. Bado nakisikia kicheko changu.

Na kuna jambo la pili, baya zaidi. Ile kaunta buku aliyokuja nayo alikuwa ameanza kuandika ndani yake zamu, nyumba moja ukurasa mmoja, kwa mwandiko wa karani. Nilimkuta akiendelea nayo wakati wa mazoezi. Nikamwambia aachane nayo. Nilimwambia ni kazi mara mbili, kwamba akishaijua zana atalazimika kupanga kila kitu upya, na kwamba muda wake autumie kwa mazoezi. Alinitazama, akafunga kaunta buku, akairudisha kwapani. Alinitii, mwanangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na cheti.

Miezi mitatu ikapita. Kwa miezi mitatu mtu aliyebeba nyumba arobaini na moja kichwani alikuwa ameweza kuifanya kompyuta iandike "Habari" kwenye skrini. Ijumaa moja umeme ulikatika katikati ya somo, vijana wakatoka kwenda kusimama barazani, akabaki kwenye kiti chake mbele ya skrini iliyozimika. Akaniuliza taratibu kama haya yote tunayoyafanya yanahusu maji.

Nikamjibu kama kawaida yangu, kwamba ataelewa baadaye.

"Baadaye unayo wewe," alisema. "Mimi ninayo kidogo tu, na sehemu yake nzuri nimeimalizia hapa kwako."

Hakusema kwa hasira. Laiti angenigombeza ningejitetea. Alivaa kofia, akanishukuru kwa masomo, akashuka ngazi. Hakurudi tena, na mimi nikajiambia kwamba wazee hawana subira ya teknolojia. Niliwaambia hata wenzangu hivyo, na wakakubali.

Mvua za mwaka uliofuata zilichelewa. Kijijini wakamwendea baba mkubwa Nderingo kuuliza zamu, akawajibu kwa uhakika, leo hivi, kesho vingine. Watu wakaanza kugombana. Wa juu wakajifungulia maji wapendavyo, wa chini wakaacha kuja kufukua tope, kwa nini wafukue maji yasiyowafikia? Kahawa za wa chini zilikauka kwanza. Mwishowe kingo zikabomoka na hakuna aliyekwenda kuziba. Majirani waliokuwa wakizikana kwa pamoja wakaacha kusalimiana.

Nilipokwenda nyumbani Krismasi, mama mkubwa alinipa ile kaunta buku. Niliifungua. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, masharti yote, safi, mtu angeweza kuyasoma kwa sauti kanisani. Yalifika nyumba ya kumi na tisa. Kurasa zilizofuata zilikuwa nyeupe. Nilijua siku zilipoanza kuwa nyeupe, kwa sababu nilikuwepo.

Nilirudi mjini, nikaondoa kitambaa kwenye ile mashine ya kona. Nikakaa na kaunta buku magotini. Kama kuna msiba, ruka, kisha rudisha. Kama hakuja kufukua, mpe wa chini. Alikuwa ameyaandika kwa mpangilio ule ule unaohitajika na mashine, bila kufundishwa na mtu. Sikufanya lolote ila kunakili. Mchana mmoja, mwanangu, nilianza baada ya kula na nikamaliza kabla duka la chini halijafungwa. Niliiuliza nyumba ya tano katika wiki ya msiba, ikajibu sawasawa. Niliiuliza ya kumi na tisa, ikajibu. Nilipoandika ishirini haikujibu kitu. Nililia pale pale, mtu mzima na cheti chake.

Jumapili nilipanda Marangu. Nilichuma jani la isale, kama tunavyofanya kwetu tukienda kuomba msamaha, nikampelekea baba mkubwa alipokuwa ameketi akiota jua la asubuhi kando ya zizi. Alilipokea kwa mikono miwili, maana isale haikataliwi, lakini hakujua anasamehe nini. Nilipiga magoti, nikamwamkia, nikafungua kaunta buku ukurasa mweupe wa kwanza. Nikamuuliza, kwa kumbembeleza, nyumba ya ishirini inapata maji lini.

Alifikiri sana. Alitaka kweli kunisaidia. Kisha akaniwekea mkono begani.

"Muulize Nderingo, baba," alisema. "Huyo ndiye anayejua."

Basi ninalokuomba ni hili. Mwanafunzi anapokuja kwako, muulize kwanza amekuja na nini kwapani. Mpe chombo chepesi kuliko vyote ulivyonavyo, ajibiwe na mashine siku ile ile, kuhusu jambo lake mwenyewe. Zile zana kubwa zipo na zina kazi yake, atazifikia akizihitaji. Usimpitishe kwenye ugumu kwa sababu tu wewe uliupitia, na usiuite ugumu huo elimu. Ukijisikia unataka kusema "utaelewa baadaye", nyamaza kwanza, umtazame usoni. Na kamwe usimnyang'anye mtu kalamu yake kabla hujampa nyingine inayoandika.

Mungu akupe macho ya kukumbuka ulivyokuwa hujui. Akujalie mwanafunzi wako wa kwanza acheke siku ya kwanza, na wewe uwe karibu uone. Nenda, mwanangu, mikono yako iwe myepesi kwa watu.