Kontrola Mbili za Zahanati ya Usenge

Jentrix Nakhungu alitoka Webuye na bisibisi tatu na mita ya kupimia umeme, akafungua kibanda cha kutengeneza redio Usenge. Kwa miaka saba hakuna aliyemletea fumbo la kumkosesha usingizi. Lilikuja mwaka 1994, afisa wa afya alipotangaza kwamba friji ya chanjo itahamishiwa zahanati nyingine ikiwa betri hazitaiendesha wiki nzima bila kuzimika. Habari hiyo ilimchoma Jentrix kuliko wote. Binti yake wa miezi tisa alikuwa akingoja chanjo ya surua, na mara mbili walikuwa wamekuta dawa imeharibiwa na joto.

Paneli ya zamani ya umeme wa jua, mchango wa wenye mashua, haikutosha. Wanawake wauza omena, wale dagaa wa ziwani, wakachanga, wakanunua ya pili, nayo ikaja na kontrola yake, kile kisanduku cha kuzuia betri isijazwe kupita kiasi. Sasa kontrola mbili, betri zilezile, itakuwaje? Obiero, mwenye mashua nne na maneno ya mashua kumi, akasema fahali wawili hawakai zizi moja. Jentrix akamjibu kwamba hawa si fahali, ni ng'ombe wa maziwa: kila mmoja na malisho yake, wote wanakamuliwa katika kibuyu kimoja. Akaunganisha kila paneli na kontrola yake, na kila kontrola akaipa nyaya zake hadi kwenye betri. Taa mbili za kijani zilipowaka, aliruka kwa furaha kama msichana.

Siku ya pili, saa sita mchana, taa ya kontrola ya wanawake ikazimika. Ile ya wenye mashua ikabaki inang'aa. Basi soko zima likahamia zahanati! Wanawake walilalamika kwamba paneli yao imemezwa, naye Obiero akataka ing'olewe kabla haijaua na yake. Jentrix alipima kwanza. Kisha akaangua kicheko. Betri zilikaribia kujaa, na kontrola ya wanawake ilikuwa imewekwa kiwandani iache kazi mapema kuliko ile nyingine. Akazungusha skrubu yake ndogo, polepole, mpaka zikawa na kipimo kimoja. Taa ikarudi.

"Hakuna aliyemezwa, Mzee," alimwambia Obiero. "Mmoja alitoka mezani mapema, basi."

Siku ya saba afisa alifika na chanjo kwenye kisanduku cha barafu. Akasoma kipimajoto cha friji: nyuzi tano. Akatia sahihi, friji ikabaki. Akina mama wakamsukuma Jentrix mbele ya foleni, na muuguzi Milka alipomdunga binti yake sindano, mtoto akalia kwa nguvu zote, huku mama yake akicheka na kufuta machozi.

Nyuma yao alisimama Obiero, amembeba mjukuu.

"Ero kamano, Mama," alimshukuru, kwa sauti ndogo ambayo Usenge haikuwahi kuisikia kwake. "Sasa sogea kidogo. Ni zamu yetu."