Filimu ya Mwisho ya Salimu

Siku yangu ya kwanza studio ya picha, pale Ngamiani mjini Tanga, niliunguza harusi ya watu. Nilifungua mlango wa chumba cha giza bila kubisha, mwanga ukamwagika juu ya filimu. Fundi Mkuu akashika kiuno.

"Wee binti! Bibi harusi wa watu umemfuta uso. Kamwambie mama yake mwenyewe."

Nikaenda, nikatukanwa nikatukanika. Niliporudi akanipa koleo la kushikia picha kwenye dawa: "Haya, sasa umeanza kazi."

Shule niliishia darasa la nne, lakini kusafisha picha Tanga nzima hakuna aliyenishinda. Karatasi unaitumbukiza kwenye dawa chini ya taa nyekundu, unatikisa beseni taratibu, sura inakuja: nywele, halafu macho. Ukiharakisha, mtu anatoka kama kapakwa majivu.

Mpiga picha wetu alikuwa Salimu, kijana wa kijiji cha Moa. Vita vya Kagera vilipoanza, gazeti likamchukua. Filimu za gazeti zilikwenda Dar. Zake mwenyewe akinitumia mimi. "Dada Zuhura," aliandika, "usinichomee vita kama ulivyochoma harusi." Na kila filimu aliifungia karatasi yenye majina ya aliowapiga. Gazetini wakiandika tu "mpiga picha wetu", kama vile hakupewa jina na mamake.

Filimu ya mwisho ilifika baada ya habari ya kifo chake. Ndani yake mlikuwa na askari wanamenya viazi, na mwanamke kabeba kichwani mlango wa nyumba yake. Picha ya mwisho hakuipiga yeye. Mwenzake aliokota kamera akampiga Salimu, kalala chali, damu kifua kizima.

Fundi Mkuu aliitazama sana. "Mwosha maiti husema alichokiona?"

"Hasemi."

"Basi."

Nikaificha kwenye sanduku langu la kanga. Salimu alizikwa hukohuko vitani.

Mwaka huu vijana wa hapa Tanga waliandaa maonyesho ya picha zake pale Raskazone. Kiongozi wao, Rehema, akaja kwangu. Shikamoo, marahaba, nikamfungulia sanduku lenye picha zote za Salimu. Alipoiona ile akataka aikuze kama mlango, watu washtuke.

"Mama yako akifa utamtundika ukutani, watu wanywe soda mbele yake?"

Rehema akanirudishia picha.

"Tundika alichokiona Salimu. Chini andika majina ya aliowapiga, na lake kwa herufi kubwa."

Akafanya hivyo. Siku ya kufungua, dada yake Salimu, Mwanaidi, alikuja kutoka Moa. Akazunguka ukuta wote, akasimama mbele yangu.

"Zuhura, na ile ya mwisho?"

Nikajifanya sijui.

"Aliyeipiga alikuja kutupa pole, akasema filimu ilitumwa kwako. Miaka yote nangoja uniambie mwenyewe."

"Nilikuwa namsitiri."

"Kwa watu, sawa. Mimi je? Maiti hafunuliwi uso ndugu wakamuaga? Umemkalia kaka yangu kwenye kanga zako, mwanamke wewe!"

Kwa siri ile nilijiona mtu kweli. Kumbe nimemnyima Mwanaidi haki yake. Tukapanda bajaji hadi kwangu, nikampa. Akaitazama, akaifuta kwa pembe ya mtandio, na vumbi halikuwapo.

"Kachoka," akasema.

Nimestaafu zamani, dawa imenila kucha, macho yamebaki kidogo. Wajukuu zangu hupiga picha mia kabla ya chai. Pigeni. Lakini za vita zina wenyewe: ukutani liwe jina la aliyepiga, na uso wa maiti ni wa nduguze. Picha ile haikurudi sandukuni. Mwanaidi aliifunga kwenye kanga mpya, akaipakata, Salimu akarudi Moa.