Maji ya Kurudia

Siku moja kabla ya risasi kuanza tulikuwa mtoni, tunafua. Kambi yetu ilikuwa juu ya kilima, mashariki ya Kongo, askari kumi na mmoja tuliopelekwa kulinda amani, na mto ulikuwa chini, mwendo wa dakika kumi. Kiangazi kilikuwa kimekolea. Masanja, mwenzangu wa Kagongwa, alikuwa ameanika sare zake juu ya nyasi akabaki na bukta, anatusimulia kwa mara ya mia jinsi alivyochunga ng'ombe wa baba yake.

"Kwetu mchungaji hanywi kabla ya ng'ombe," alisema. "Kibuyu unakibeba, lakini hukigusi mpaka mifugo imekunywa na imegeuza vichwa kurudi nyumbani. Yale ni maji ya kurudia."

"Na ukisikia kiu?" nilimwuliza. Mimi ni mtoto wa Nyasubi, Kahama mjini. Nimekulia jirani na bomba.

"Kiu ni ya watoto, Koplo."

Tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Nilimpenda Masanja kwa majivuno yake.

Kesho yake asubuhi waasi walitushambulia kutoka ng'ambo ya mto. Redio ilisema msaada unakuja, ila barabara imefungwa.

Mto tuliuona. Kuufikia ilikuwa kufa.

Yalibaki madumu manne ya maji. Sajenti Rehema, mganga wetu, mama mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, alitukusanya ndani ya handaki.

"Asiniwekee mtu akiba," alisema. "Maji yakae tumboni, siyo kwenye chupa. Mkisubiri kiu mmechelewa, kiu haiwahi. Koplo, wewe utagawa. Gawa, halafu uangalie wanameza."

Nikagawa. Chupa moja asubuhi, moja jioni, katika zile chupa tupu za plastiki zilizojaa kambini. Fulana za kuzuia risasi zilitupika kama viazi kwenye jivu. Vijana wengine niliwaangalia wakimeza. Masanja alipokea chupa yake, akalowanisha midomo, akanikonyeza.

"Umekunywa?" nilimwuliza siku ya pili.

"Nimekunywa, Koplo."

Sikumwuliza tena. Niliona aibu kumsimamia mwanamume mzima, tena mpiganaji hodari kuliko mimi, kama mama anayemnywesha mtoto dawa.

Siku ya tatu hakujibu utani.

Mchana alianza kuita ng'ombe kwa majina.

Sajenti Rehema alitambaa mpaka kwake, akamgusa shingo. Ngozi ilikuwa kavu, jua likiwa utosini.

"Amekojoa lini huyu?"

Sikujua.

"Anakunywa?"

"Nampa, Afande."

"Sikukuuliza hilo."

Alimtundikia dripu ya mwisho tuliyokuwa nayo. Nilishika mfuko wa dripu kwa mkono mmoja na mkono wa Masanja kwa mwingine. Alikufa kabla jua halijatua. Hakuna risasi iliyomgusa.

Nilipokusanya vitu vyake nilikuta begini chupa tano za maji, zimejaa, vifuniko vimekazwa. Kesho yake barabara ilifunguliwa.

Miaka imepita, nami si askari tena. Nasimamia duara, shimo la kuchimba dhahabu, huku Geita, na hakuna mchimbaji anayeteremka shimoni kabla hajamaliza kikombe mbele ya macho yangu. Akipanda, kingine. Wakienda haja nawauliza mkojo una rangi gani, nao hufa kwa kicheko. Wananiita Mzee Mafunda. Waniite watakavyo! Maduara ya jirani watu wanazirai kwa joto. Langu hawazirai, nalisema hilo bila kupepesa macho. Lakini sijidanganyi kwamba hesabu imelingana. Hawa wote wazima, na Masanja bado hayupo.

Vijana wanadhani nilijifunza jeshini. Jeshini niliambiwa tu. Nilijifunza Kagongwa, nyumbani kwa mama yake Masanja.

Nilikwenda kwake likizo yangu ya kwanza baada ya Kongo, na begi la Masanja mkononi. Ndani ya basi nilikuwa nimejiandalia uongo mzuri kabisa: homa, ghafla, hakuteseka.

"Shikamoo, mayu," nilimwamkia, yaani mama kwa Kisukuma.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Koplo? Alikuwa anakutaja kwenye simu."

Alinipa kigoda, akaketi kwenye mkeka, akaliweka begi mapajani bila kulifungua. Aliniuliza jambo moja tu.

"Alikufa na kiu?"

Uongo wangu wote ulikwisha hapo.

"Alikufa na kiu, mayu. Na maji alikuwa nayo. Alikuwa anaweka ya kurudia." Nilijilazimisha kumalizia. "Mimi niliagizwa nimwangalie akinywa. Nilimpa tu. Sikumwangalia."

Nilingoja anifukuze. Ningeondoka bila kinyongo.

"Kile kibuyu nilikuwa namjazia mimi," alisema. "Jioni akikirudisha kimejaa, nilikuwa namsifu mbele ya ndugu zake. Huyu, nasema, huyu ni mwanamume."

Alilia, nami nililia. Hatukubembelezana. Kisha alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akainuka, akachota maji mtungini kwa kikombe cha bati na kunipa.

"Wabeja, mayu," nilishukuru, nikagusa kwa midomo, nikakiweka chini. Niliona sistahili maji ya nyumba ile.

Mama hakurudi kuketi.

"Kunywa," alisema.

Nilimeza funda moja.

"Kunywa, mwanangu. Nakuangalia."

Alisimama mbele yangu, mikono kiunoni, macho yake mekundu kwenye koo langu, mpaka kikombe kikaisha. Akakipokea, akakiinamisha kuhakikisha. Kisha akaenda mtungini, akakijaza tena.