Mazishi ya Naserian, na mimi sijamuua

Leo nimepata habari za kifo cha mtu niliyembuni mwenyewe.

Mnazijua riwaya zangu za Naserian, rubani wa chombo cha anga kutoka Nainokanoka. Mchapishaji aliomba nimkutanishe na Kikosi cha Zuhura, mashujaa wa mwandishi mwingine, tuandike kitabu kimoja sisi wawili.

Mchana nikiwa sokoni Karatu, jalada la kitabu hicho likaingia kwenye simu yangu.

Juu, herufi kubwa: KIKOSI CHA ZUHURA.
Chini yake: Mazishi ya Naserian.

Nikampigia mhariri.

“Kaka, mazishi ya nini? Kwenye sura zangu Naserian yuko hai.”

“Dada, hilo jina litauza. Kikosi cha Zuhura kina wasomaji wengi.”

“Mimi siandiki kifo chake.”



“Sura ya mwisho imeshaandikwa. Mwenzako kaimaliza.”

Akaniambia nisome mkataba. Nimeusoma nyumbani, mara mbili. Naserian ni mali ya wachapishaji. (Ndiyo, nilisaini kwa furaha.)

Nikawaandikia kwamba basi waondoe jina langu jaladani.

Wamejibu sasa hivi: “Halipo.”

Nimelifungua tena jalada nikalikuza. Kweli, halipo.

Ninyi mliomsoma Naserian tangu mwanzo, niambieni, mtakinunua?