Daraja la Ubao

Jumapili ya mwisho kabla mume wangu hajapelekwa nyumba ya wazee, mjukuu wetu wa kike alitutoa kwetu Edmonton, huku kwa Waingereza, kwa basi akatupeleka kwenye bustani ya zamani. Alitaka babu yake apate siku njema. Mie nilitaka kubaki nimfulie nguo za kwenda nazo, lakini nikavaa koti.

Kuna jumba jeupe juu ya kilima, majani yanashuka mpaka ziwani, na mwisho wa ziwa daraja jeupe. Mjukuu anasoma chuo. Akatueleza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia tu. Ati matajiri wa enzi hizo waliamini akili ya mtu itaweka sawa kila kitu, hata miti. Kilima walikichonga, ziwa wakalichimba, kisha wakafanya ionekane Mungu ndiye aliyepanga.

"Na lile si daraja, Bibi. Ubao tu, umepakwa rangi, ili watu wa jumbani walitazame."

"Watu wa akili hao," nikasema.

Mume wangu hakuwa akisikiliza. Daraja alishaliona.

"Tuvuke," akaniambia. "Nyumbani kule ng'ambo. Mama keshapika."

Mama yake kafia Pemba. Sisi tulikuwa huku, hatukumzika.

"Kule hakuna nyumba. Kaa."

Akanitazama kama anavyotazamwa mgeni. "Mkali wewe. Nani kakuoa?"

"Mpumbavu mmoja."

"Masikini. Mungu ampe subira."

Mjukuu akacheka, kisha akageuka kando akajifuta macho.

Mume wangu hakukaa. Tukamshika mikono mpaka nyuma ya daraja. Pale unaziona mbao zimeegemezwa kwa magogo, pa kukanyaga hapana. Akasimama, akapapasa mbao akitafuta njia. Mie wanangu niliwachapa kwa kusema uongo, si kwa kuvunja sahani. Nikamwambia, "Fundi hajamaliza. Akimaliza tutavuka."

"Haya," akasema, akanifuata kituoni kama mtoto.

Jumatatu gari ikatushusha mbele ya ile nyumba ya wazee. Mlangoni akasita.

"Fundi kamaliza?"

"Kamaliza."

Akavua viatu, kama anaingia kwa mama yake. Msichana wa pale akamwambia hapana haja, watu huingia navyo. Hakumsikia, akapita na soksi, wala hakugeuka. Mlango ukajifunga, mie niko nje.

Viatu vikabaki nje. Nilitakiwa nigonge niwape. Nikarudi navyo Edmonton.